Mdogo wangu aorta (mshipa mkuu wa damu toka moyoni) imebana, tukimbilie puto la kuipanua au tusubiri?

Wakuu shikamooni, wengine mambo. Niko Uyole, Mbeya. Mdogo wangu wa kike, miaka 22, presha ya mkononi inasoma 190 kwa 110 ila miguuni mapigo unayatafuta mpaka unachoka, akipanda kale kamlima ka kwetu mapaja yanakaza anakaa chini. Tumezungushwa sana, mara taifodi mara UTI, mpaka daktari mmoja alipompima mikono yote na miguu ndo akashtuka. CT imeonyesha aorta imebana, wanasema ni Takayasu, yani kinga ya mwili inashambulia mishipa mikubwa. Yuko kwenye prednisolone, dawa ya kutuliza kinga, uso umejaa mpaka majirani wanauliza, na ESR, kile kipimo cha damu cha kuona kama ugonjwa bado unawaka, bado iko juu. Daktari anasema puto lisubiri. Viazi tumeuza hela ipo, mzee anasema tunapotezewa muda. Mnaonaje?

Kabwe_boy: Poleni mkuu. Hela ya viazi haikai, nendeni Dar kabla hamjaila.

Nesi_mstaafu: Kabwe acha hizo. Mwanangu, puto halitibu ugonjwa, linapanua pale palipobana basi. Wanapitisha mrija kwenye nyonga mpaka kwenye aorta, puto linajazwa linasukuma ukuta. Sasa ukuta ukiwa bado una moto unaweza kuchanika, na hata ukipanuka unabana tena mapema, ndo maana wanataka ESR na CRP (kipimo kingine kama hicho) zitulie kwanza. Presha ikigoma dawa kabisa, figo zikikosa damu au moyo ukianza kuchoka, hapo hawasubiri. Na prednisolone asiiache ghafla kisa uso!! Daktari ataipunguza kidogo kidogo. Wakimuongezea methotrexate (dawa nyingine ya kutuliza kinga) asishike mimba, mwambieni mapema ni binti huyo.

Mama_Tukuyu: Wifi yangu alifanyiwa. Walipima presha juu na chini ya palipobana, walipopanua tofauti ikashuka, miguu ikapata joto. Ila baadae pakabana tena wakarudia na kuweka stenti, kale kabomba ka kushikilia mshipa usibane. Kwahiyo msimalize hela yote safari ya kwanza, kliniki ni za miaka. Ombeni rufaa ya JKCI, ile taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete Dar, na bima muulizie kabla hamjapanda basi.

Mleta uzi: Asanteni sana. Mzee kaelewa nusu, sasa anauliza nyumbani tupime mkono upi maana haulingani.

Nesi_mstaafu: Yote miwili, mfuate ulio juu. Andikeni kwenye daftari na tarehe, siku ya kliniki mpeni daktari.