Hewa ya mazuku: mwanga na joto pamoja haviwezi kuigeuza?

Fundi_Goma
Salamu wote. Niko upande wa Mugunga, pembeni mwa Goma. Jumatatu asubuhi, kabla upepo haujaamka, nilikuta mbuzi wetu wawili wamelala shimoni, macho wazi, bila jeraha. Mazuku: hewa ya kaboni (CO2) itokayo ardhini, nzito, inayotuama mashimoni. Niliwasha kiberiti nikakishusha taratibu: kilipofika usawa wa goti kikazimika, kama kimebanwa kwa vidole. Nimesoma kuna kichocheo kinachogeuza hewa ya kaboni kikipewa mwanga na joto kwa pamoja. Jua tunalo, volkano tunayo. Hatuwezi kuifanya sumu ile gesi ya kupikia?

Mwalimu_Kemia_Bukavu
Pole sana ndugu, mbuzi wawili si kitu kidogo. Ulichosoma ni kweli. Chembe ndogo mno za metali kama nikeli au rutheni hunyonya mwanga. Sehemu kubwa inakuwa joto palepale kwenye chembe, nyingine huchangamsha elektroni, na kazi inaweza kwenda haraka kuliko kwa joto peke yake. Kwa joto tu, Mfaransa Paul Sabatier alishaifanya kwa nikeli mwaka 1902. Ila tazama:

CO2 + 4H2 → CH4 + 2H2O

Ili iwe methani (CH4), gesi ya kupikia, molekuli moja ya hewa ya kaboni inadai nne za haidrojeni (H2)! Hewa hiyo ni sawa na jivu la mbabula, jiko letu la makaa: imeshaungua. Kichocheo kinafupisha njia, kuni hakileti. Haidrojeni utaitoa wapi? Kwa kupasua maji kwa umeme, nao umeme wenyewe mnausubiri.

Fundi_Goma
Na joto la Nyiragongo, volkano yetu?

Mwalimu_Kemia_Bukavu
Kazi hii kwa kawaida hutaka digrii 300 hadi 400. Mazuku yako yanatoka yamepoa, tena yamechanganyika na hewa ya kawaida.

Binti_wa_Kivu
Methani ya kupikia tunayo tayari chini ya Ziwa Kivu, kama kilomita za ujazo 60, pamoja na hewa ya kaboni kama 300. Ng'ambo, Rwanda, karibu na Kibuye, methani hiyo inaendesha mtambo wa umeme wa megawati 26 tangu 2016. Nguvu zetu tuziweke huko. Na wewe Fundi, nakuomba: zungushia shimo hilo. Mnyama akianguka, mtu asiiname kumtoa. Watoto ni wafupi, inawakuta kwanza.

Fundi_Goma
Asanteni. Leo saa tisa, upepo ukivuma, nimebeba mawe kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, safari tatu. Ukuta umefika kiunoni. Upande wa njia ya watoto bado, kesho naanzia hapo.