Naomba ushauri: Blu-ray ina picha safi lakini maneno hayasikiki

Wakuu, habari za jioni. Nina banda la kuonyesha sinema hapa Mwanjelwa, Mbeya. Wiki iliyopita nilinunua filamu ya mapigano, diski halisi ya Blu-ray, baada ya kuchoshwa na zile za kunakili kwenye flashi, ambazo penye giza picha yote inageuka vipande vya mraba.

Picha ni safi mno. DVD zetu zina mistari 576 tu ya picha, hii ina 1080, na tofauti unaiona: tukio la usiku kwenye mvua, matone yanaonekana moja moja kwenye koti la jambazi. Ila angani kuna chenga ndogondogo. Ni chembe za mkanda waliorekodia au diski ina kasoro?

Kinachoninyima raha ni sauti. Milipuko inatikisa mabati, lakini watu wakiongea ni kama wananong'ona, wateja wanabaki kupiga kelele "ongeza!" Sauti yake ni 5.1, yaani ya spika tano na sabufa moja, na najua maneno mengi hupita spika ya katikati. Mimi nina sabufa na spika mbili za pembeni tu. Je, deki niiweke kwenye stereo, yaani sauti ya spika mbili, au nitafute spika ya katikati? Aliyewahi kukutana na hili anisaidie kabla ya Jumamosi, ndiyo siku banda linajaa.