Kichwa cha risasi kizame kiasi gani ndani ya ganda? Naombeni ushauri, nina siku mbili tu

Mwanakonde: Assalaam aleikum. Mie Mpemba, maskani yangu Marekani, jimbo la Pennsylvania. Kule mtu anaruhusiwa kujijazia risasi za kuwindia nyumbani kwake: unanunua maganda, fataki za kuwashia, baruti na vichwa, unapima, unakandamiza kwa mashine ya mkono. Bunduki inatumia risasi za saizi ya .308 Winchester. Suala langu dogo tu: kichwa nikizamishe kiasi gani? Nikikiacha juu, risasi haiingii kwenye magazini. Nikikizamisha, roho inasita. Usingizi sipati wallahi.

MzeeWaForodhani: Waaleikum salaam. Kina tunachokijua sie ni cha kisima. Kanunue za dukani ulale.

UmmuSalma: Mwanangu, kabla ya kina, huyo mnyama unamsomea bismillahi? Yasemwa pale unapofyatua, si pale unapomkuta keshakufa.

Mwanakonde: Nasoma, mama. Lakini sikuuliza hilo.

Msasi_Makunduchi: Sie nguruwe mwitu wanatumalizia mihogo, na tunakwenda nao kwa mbwa na mkuki. Mwaka juzi ami yangu alikaa juu ya mwembe tangu alasiri hadi magharibi, nguruwe chini anamsubiri. Hakuuliza kina. Aliuliza tawi lina nguvu gani.

MtutuMrefu: Nimeongoza wawindaji wa kigeni bara miaka kumi na moja, skiza. .308 ina kikomo cha urefu mzima: inchi 2.810, yaani milimita 71.4, na magazini nyingi zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Lakini usipime ncha, ncha hazilingani. Pima pale kichwa kinapofikia unene wa tundu la mtutu, maana hapo ndipo kinapokutana na mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Wengi huanza na nafasi ya inchi 0.020 kabla ya mifereji, nusu milimita hivi, kisha wanasogeza kidogo kidogo huku wakitazama shabaha. Kikigusa mifereji, shinikizo linapanda. Kikizama sana linapanda pia, baruti inakosa nafasi. Sasa nambie: kichwa gani, na baruti umetia kiasi gani?

Mwanakonde: Kichwa cha kawaida. Baruti kama kitabu kinavyosema.

MtutuMrefu: Kitabu kina kiwango cha kuanzia na cha mwisho. Wewe uko wapi?

Mwanakonde: Cha mwisho. Lakini ndicho nilichotumia mwaka mzima bila tatizo.

FundiVespa: Mie bunduki siijui, ila nitasema la kwangu. Kijana mmoja aliniletea Vespa anataka ikimbie. Nikachonga hedi, nikapunguza chumba cha moto. Petroli ile ile, kabureta ile ile. Ikakimbia kweli, siku tisa. Ya kumi pistoni ikatoboka, tundu linapita kidole gumba. Ile pistoni naitumia kuzuia mlango wa banda. Sasa weye chumba unakipunguza na moto hujaupunguza?

MtutuMrefu: Fundi kamaliza kazi. Mwanakonde, hicho kichwa "cha kawaida" ni cha risasi au cha shaba?

MzeeWaForodhani: Risasi ya risasi! Kiswahili kitamu.

Mwanakonde: Sawa, nitasema. Nilikuwa natumia vya risasi vilivyovikwa shaba, uzito greni 168. Vikaisha. Nikapata vya shaba tupu, greni 165. Nikaona ni vyepesi, kwa hiyo hakuna hatari, nikaacha baruti vile vile. Nishajaza 40. Tulijaribu 3: fataki zimekuwa bapa kidogo na bolti, lile komeo la nyuma ya risasi, ilikuwa nzito kufunguka. Baridi labda.

MtutuMrefu: Baridi gani yakhe! Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kufika greni 165 kichwa lazima kiwe kirefu. Urefu huo ndio unaoingia ndani na kula nafasi ya baruti. Fataki bapa na bolti nzito ni bunduki inakupigia kelele. Ng'oa vyote 37 vilivyobaki kwa nyundo ya kung'olea, mwaga baruti, tafuta kipimo cha kichwa hicho hicho, anza kiwango cha chini. Na vya shaba vinapenda nafasi kubwa mbele ya mifereji, wengine huanzia inchi 0.050. Kwa hiyo kuzamisha si kosa. Kosa ni kuzamisha juu ya baruti ya mwisho.

Mwanakonde: Baruti ni ghali, tena kazi yote ile! Nikizamisha nusu milimita tu zikaingia kwenye magazini, haitoshi?

BintiMkunazini: Samahani, mie nasoma kimya tangu asubuhi. Umeandika "kule mtu anaruhusiwa". Kule kutoka wapi? Na juzi kwenye uzi wa karafuu ulisema jamvi lako limerowa mvua. Pennsylvania wanaanika karafuu?

MzeeWaForodhani: Nilijua! Tumeliwa siku nzima.

Mwanakonde: Niko Konde, Pemba, nimekuja msimu wa karafuu. Bunduki ni ya jirani yangu. Risasi nilimjazia mie kabla ya safari, amezifungia kwake. Jumamosi anakwenda uwanja wa shabaha na ananiuliza azikandamize zaidi au aende nazo hivyo.

FundiVespa: Kwa hiyo uso utakaokuwa nyuma ya bolti si wako.

BintiMkunazini: Weka picha.

Mwanakonde: [picha] Hiyo, kanitumia sasa hivi.

BintiMkunazini: Risasi tano zimepangwa juu ya mkeka wa ukili. Mzungu huyo na mkeka wa ukili?

Mwanakonde: Mama alimpelekea zawadi!

Msasi_Makunduchi: Na yule jogoo pembeni pia zawadi?

MtutuMrefu: Jogoo mwacheni. Mwanakonde, kama yuko kweli, mpigie sasa, huko bado mchana. Zile 37 ziko wapi?