Alvin Toffler alipata wapi mamlaka ya kuandika juu ya kesho?

MwalimuKilosa anauliza:

Wakuu, habari za leo. Katika ofisi yetu ya walimu, ukutani juu ya meza ya chai, kuna karatasi iliyokwisha kuwa ya manjano. Inasema kwamba mjinga wa karne ya 21 hatakuwa yule asiyejua kusoma na kuandika, bali yule asiyeweza kujifunza, kuacha alichojifunza, na kujifunza upya. Chini yake pana jina la Alvin Toffler. Wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeniletea madaftari aliisoma kwa sauti, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu alikuwa mwanasayansi?" Sikuwa na jibu. Naomba mnaomfahamu mnieleze maisha na kazi yake, na hasa mtu wa namna hiyo alipata wapi haki ya kuieleza jamii itakavyokuwa.

MsomajiWaUsiku anajibu:

Ndugu Mwalimu, hakuwa mwanasayansi, alikuwa mwandishi wa habari. Alizaliwa New York tarehe 4 Oktoba 1928, akakulia Brooklyn, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Poland, na baba yake alikuwa fundi wa makoti ya manyoya. Alisomea Kiingereza katika Chuo Kikuu cha New York, na huko ndiko alikokutana na Heidi, aliyekuja kuwa mkewe. Baadaye aliandikia gazeti lililosaidiwa na vyama vya wafanyakazi, akaripoti habari za siasa kutoka Washington, kisha akawa na safu ya mambo ya kazi katika jarida la Fortune hadi mwaka 1962, alipoamua kujitegemea. Kampuni ya IBM ilimwagiza achunguze kompyuta zingeleta mabadiliko gani katika jamii na katika mashirika. Kampuni ya simu ya AT&T nayo ilimtaka ushauri, naye akaieleza kwamba igawanywe, zaidi ya miaka kumi kabla haijagawanywa kwa shinikizo la serikali mwaka 1984.

Kuhusu karatasi yenu, maneno yale yametokana na kitabu chake Future Shock cha mwaka 1970, sura ya 18 inayozungumzia elimu, lakini hapo alikuwa anamnukuu mwanasaikolojia Herbert Gerjuoy na akamtaja kwa jina. Nukuu yenyewe ni fupi kuliko hiyo ya ukutani: inasema mjinga wa kesho ni yule ambaye hakujifunza namna ya kujifunza. Yale ya kujifunza, kuacha na kujifunza upya ni maneno ya Toffler mwenyewe, aliyoyaandika karibu na nukuu hiyo, na watu wakayaunganisha kadiri walivyopokezana.

FundiChuma_Msa anajibu:

Mwalimu, mwenzangu amepita haraka mahali ambapo mimi ningekaa. Baada ya chuo, Toffler na Heidi walihamia Cleveland, katika jimbo la Ohio, wakafanya kazi za viwandani kwa miaka mitano. Yeye alikuwa fundi mitambo na mchomeleaji, Heidi alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha na kumimina alumini na akawa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kijana aliyetaka kuandika alikwenda kwanza kujua bidhaa zinavyotengenezwa na watu wanaozitengeneza.

Mimi nimechomelea kwa miaka kumi na tisa. Anayeanza kazi hii huamka usiku macho yakiwa kama yamejazwa mchanga, kwa sababu mchana aliutazama mwali bila kinga, na hapo ndipo anapofahamu kwamba mwili una kipimo chake. Nilipokisoma Future Shock niliona wazo hilohilo likielezwa kwa jamii nzima: mabadiliko mengi mno yakimfikia mtu katika muda mfupi mno humvuruga akili na mwili, hata kama kila badiliko peke yake ni jema. Alianzia kwenye hali ya mtu aliyetupwa ugenini, asiyejua maana ya ishara wala adabu za wenyeji. Mgeni huyo, anasema, walau anajua kwamba kwao kupo na atarudi, lakini aliyepitwa na wakati akiwa nyumbani kwake hana pa kurudi. Sehemu hiyo nimeirudia mara nyingi, kwa sababu nimeona mafundi wazee wakiingia karakana ileile waliyoizoea na kukuta mashine wasizozijua.

Alikosea pia, kwa mfano alipotarajia makazi ya watu chini ya bahari. Ila alipoandika The Third Wave mwaka 1980 alikwishaeleza watu kufanyia kazi nyumbani kwa kompyuta, na akabuni neno kwa mlaji ambaye papo hapo ni mzalishaji. Kila tunapojihudumia wenyewe kwa simu kazi aliyokuwa akilipwa karani, tunafanya alichokieleza.

BintiSaid anajibu:

Ninaongeza jambo moja ambalo naona limeachwa kwa muda mrefu mno. Vitabu vikubwa vitatu, yaani hivyo viwili vilivyotajwa na Powershift cha mwaka 1990, vilitoka na jina la mume peke yake, ingawa Toffler mwenyewe alisema waziwazi kwamba Heidi alikuwa mshirika wake katika fikra, utafiti na uhariri. Jina la Heidi lilianza kuonekana kwenye jalada mwaka 1993, katika War and Anti-War, na likabaki hadi Revolutionary Wealth cha mwaka 2006. Mume alifariki Los Angeles mwezi Juni 2016 akiwa na miaka 87, Heidi akamfuata mwaka 2019. Mwanafunzi akiuliza tena, tafadhali mtajie wote wawili.

MwalimuKilosa:

Nawashukuru sana. Karatasi nimeibandua leo asubuhi na kuandika nyingine yenye jina la Gerjuoy, na chini yake nimeeleza kwamba ilinukuliwa na Alvin Toffler katika kitabu alichokiandaa pamoja na Heidi. Fundi, kijana yule baba yake ni fundi wa magari. Ningependa, kwa idhini yako, nimsomee ulichoandika kuhusu macho na mwali.

FundiChuma_Msa:

Msomee, Mwalimu. Na umwambie avae kinga.