Dawa ya kuzuia mishipa mipya ya damu kwa baridi yabisi: nimtafutie mama?

Wapendwa, naombeni ushauri. Mama ana baridi yabisi, mwaka wa sita huu. Akiamka vidole vimekakamaa, mpaka saa nne ndipo anashika kikombe. Mbuzi ya nazi iko uvunguni siku nyingi. Anameza methotreksati, dawa yake ya baridi yabisi, mara moja kwa wiki, inamtia kichefuchefu, sasa anataka kuiacha. Nimesoma kuna dawa za saratani zinazozuia mishipa mipya ya damu isiote, na kwamba zinaweza kutuliza viungo pia. Nizitafute?

Mfamasia_Tanga: Pole kwa kuuguza. Ulichosoma kina msingi. Kwenye baridi yabisi utando wa ndani ya kiungo hunenepa, ukatambaa juu ya gegedu na kuila, mfupa nao. Nyama hiyo iliyozidi inataka damu, hivyo hutoa protini iitwayo VEGF inayochochea mishipa mipya, na humo ndimo seli za kinga zinamopita kuja kuongeza uvimbe. Wazo la kuizuia mishipa alilitoa Judah Folkman wa Marekani mwaka 1971, kwa uvimbe wa saratani. Bevasizumabu, dawa inayozuia VEGF, ikaruhusiwa huko mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Kwa baridi yabisi haijaidhinishwa. Hupandisha presha, huchelewesha vidonda kupona, na damu inaweza kuvuja. Mama ana presha?

Mleta uzi: Anayo, na ana dawa zake.

Mfamasia_Tanga: Basi usiiguse kabisa. Isitoshe, dawa zilizopo zinaifikia mishipa hiyo kwa njia nyingine: infliksimabu, inayozuia TNF (protini nyingine inayochochea uvimbe), ilionekana kushusha VEGF kwenye damu ya wagonjwa. Ni ghali, lakini muulize daktari.

BiMkubwa_62: Mwanangu, mimi naumwa hayohayo. Niliacha methotreksati miezi minne kwa sababu ya kichefuchefu hichohicho. Kidole changu cha kati kilipinda wakati huo na mpaka leo hakinyooki, hata pete haipiti. Niliporudi kliniki daktari aliniongezea foliki asidi, akanihamishia kwenye sindano, na tumbo likatulia. Mwambie mama asiache kabla hajaonana na daktari. Na asijaribu kuimeza kila siku ili apone haraka, inaua.

Mleta uzi: Asante sana mama. Kliniki yake ni Jumanne, nitaingia naye chumbani niulizie sindano. Nimemsomea habari ya kidole chako, akavitazama vya kwake, kisha akasema nimletee dawa ya wiki hii.