Tupeane uzoefu: draya za zamani (mashine za kukaushia nguo) na mvua za mwaka, Malindi

Mwanzisha mada, Shella
Asalaam alaykum. Mama alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni. Kiangazi ulikuwa unaanika asubuhi, adhuhuri ushaanua. Taabu ilikuwa Aprili, kusi ikiingia: shuka linakaa kambani siku mbili na bado lina unyevu, uvundo juu. Ndipo mwenye nyumba akatuletea draya ya mtumba, yenye taima ya kuzungusha kwa mkono. Nilikuwa naiegemea mgongo nipate joto, nimejifunika leso iliyotoka humo sasa hivi. Bado ninayo, ila siku hizi nguo hazikauki hata nikirudia mara mbili. Nanyi zenu zimewafanyaje?

Fundi, Maweni
Dada, usiitupe. Ndani hamna mambo mengi. Mota moja inavuta mkanda wa pipa na kuzungusha feni, koili inapasha hewa, themostati inakata joto likizidi, unyevu unatokea bombani. Mota ikivuma na pipa limesimama, mkanda umekatika. Ikikwaruza, vigurudumu vinavyobeba pipa vimelika. Ikizunguka na nguo ni baridi, pima koili na fyuzi ya joto. Fyuzi hiyo ikiungua usibadilishe ukaondoka, tafuta kilichoiunguza. Yako nadhani bomba limeziba. Iwashe, kisha weka mkono kule nje hewa inakotokea.

Mchangiaji, Watamu
Mimi kaka yangu aliniletea ya Marekani. Nilisoma kwamba huko mkulima wa North Dakota, J. Ross Moore, alichoka na nguo kuganda kambani wakati wa baridi, akatengeneza ya kwake, na mwaka 1938 ikaanza kuuzwa. Basi hii yetu koili ni ya volti 240, sawa na umeme wetu, lakini mota ni ya 120. Tukafunga transfoma. Transfoma inashusha volti, haibadilishi hezi, yaani mara ambazo umeme unageuka kwa sekunde: kwao 60, kwetu 50, kwa hiyo mota inakwenda pole kwa sehemu moja ya sita, feni inavuta hewa kidogo, na joto linapanda. Halafu koili inakula ampea zaidi ya 20, na plagi zetu ni za 13. Ilibidi tuvute waya wake peke yake. Mwenye kutaka kuagiza aina hii, mimi namkataza.

Mchangiaji, Casuarina
Kwetu ilikuwa chini ya banda la makuti. Kichujio hakikusafishwa wiki nzima, manyoya ya nguo yakajaa karibu na koili yakashika moto. Tuliwahi na ndoo za mchanga baada ya kuzima swichi kubwa. Jamani, manyoya hayo toeni kila mzigo, na msiiweke chini ya makuti.

Mwanzisha mada
Fundi, nimechomoa bomba leo. Limetoka furushi la manyoya saizi ya mto wa mtoto, na katikati kipande cha leso ya mama, ile ya rangi ya zambarau. Mashuka yamekauka kwa mara moja. Kipande nimekifua, nimekihifadhi.