Masanduku ya kumbukumbu za shule: yabaki shuleni au yachukuliwe na wahitimu?

Mhitimu wa Bweni la Mawenzi (Moshi)

Wanajukwaa, heshima kwenu.

Naandika kwa niaba ya kamati ndogo ya urithi ya wahitimu wa shule moja ya bweni iliyoko Moshi Vijijini, ambayo naomba nisiitaje kwa sasa kwa kuwa suala bado liko mezani kwa Mkuu wa Shule. Shule ilianzishwa na misheni ya Kilutheri, ikawa ya serikali baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na hapo ndipo ubishi wetu unapoanzia.

Stoo iliyo nyuma ya bwalo itabomolewa kupisha maabara. Tulipoifungua tulikuta masanduku ya mbao yaliyojaa madaftari ya udahili, vikombe vya michezo, barua za misheni na picha za mnato zilizobandikwa kwenye albamu kwa gundi ambayo sasa imegeuka rangi ya chai. Sanduku lililokuwa limekaa sakafuni limeliwa na mchwa upande mmoja. Katika daftari moja mhuri wa misheni umekatwa kwa mstari wa wino mwekundu, na wa serikali umegongwa pembeni yake, kurasa zikaendelea kwa mwandiko uleule, kana kwamba karani hakuinua hata kichwa.

Baadhi ya wenzetu wanataka masanduku yote yahamishiwe nyumbani kwa mhitimu mmoja pale Shanty Town, mtaa wa Moshi mjini, mwenye chumba kikavu na nia njema. Wengine wanasema yakishatoka getini hayatarudi. Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Pia, habari za shule na za wahitimu zinapotea kwenye kundi letu la simu, kwa kuwa kila zikiwekwa zinafunikwa na rambirambi na michango. Wenzetu mnalipangaje hili?

Masjala Mstaafu (Arusha)

Ndugu mwuliza swali, nimefanya kazi ya masjala kwa muda mrefu, basi nitaanza na lililo wazi. Madaftari ya udahili na mafaili ya shule ya serikali ni kumbukumbu za umma. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 haimruhusu Mkuu wa Shule, sembuse mhitimu, kuyagawa, kuyachoma au kuyahamishia sebuleni kwa mtu, hata mtu huyo awe mwadilifu kiasi gani. Mwenye chumba kikavu leo anaweza kufariki kesho, na warithi wake hawatajua kama lile ni daftari la shule au ni karatasi za kufungia vitumbua.

Vikombe ni mali ya shule na vinapaswa kuwamo kwenye leja yake. Barua za misheni ni jambo jingine: zilizoandikwa kabla ya utaifishaji zinaweza kuwa na madai ya kanisa, na busara ni kuiandikia dayosisi mapema kuliko kusubiri iulize. Kwa taarifa yenu, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na sehemu kubwa ya nyaraka za misheni hiyo imehifadhiwa Halle, Ujerumani. Huenda picha mlizozikuta zina nakala zake huko. Ila picha binafsi ambazo wahitimu watazileta kutoka majumbani ni zao, na hizo mnaweza kuzipokea kwa hati fupi inayoeleza kama zimetolewa moja kwa moja au zimeazimwa.

Kwa hiyo ombeni chumba kingine hapohapo shuleni, chenye kufuli na funguo mbili, moja kwa Mkuu wa Shule na nyingine kwa Bodi ya Shule. Kabla ya kubeba chochote, orodhesheni kilichomo katika kila sanduku na watu wawili watie sahihi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nimeona ikitokea mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Wekeni vitu juu ya rafu, mbali na ukuta na sakafu, hasa masika yakikaribia. Dawa ya mchwa ipulizwe kwenye sakafu na kuta kabla vitu havijaingizwa, kamwe isipulizwe kwenye karatasi.

Msizibandue picha kwenye albamu. Zipigeni picha zikiwa zilivyo, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera. Na tafadhali, mtu yeyote akijitolea kuzifanyia laminesheni, mshukuruni na mmnyang'anye mashine, kwa sababu joto na plastiki ile haviondoki tena.

Binti wa Marangu

Nakubaliana na Mzee hapo juu, lakini niongeze tahadhari juu ya nakala. Mkishapiga picha kurasa za udahili, kishawishi kitakuwa kuzirusha kwenye kundi ili kila mtu ajitafute. Madaftari hayo yana jina la mzazi, dini, kijiji, na mara nyingine sababu ya mtoto kufukuzwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo, hakuna bibi anayestahili kujua kupitia simu ya mjukuu wake kwamba alifukuzwa shule kwa mimba. Mhitimu apewe mstari wake mwenyewe akiuomba, basi.

Kuhusu habari, sisi wa shule ya wasichana tuligawa mambo. Misiba na harusi zina kundi lake, na hakuna aliyechukizwa, kwani rambirambi ni wajibu wetu na zina heshima yake. Kundi la pili linaandikwa na katibu peke yake: matokeo ya kidato cha nne, ujenzi, mahafali, vikao. Mwanzoni watu walilalamika kwamba wamezibwa mdomo. Sasa ndilo wanalolisoma.

Michango nayo iwe na mweka hazina na akaunti ya benki, si namba ya simu ya mtu. Kama bado ninyi ni kundi la simu tu, jisajilini kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa sababu benki itawadai katiba na cheti. Na mkichangia shule, mpeleke kupitia Bodi, ikieleweka kuwa ni hiari: mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na wazazi wana haki ya kutia shaka kila wanaposikia neno mchango.

Kidato cha Nne 1967

Wanangu, mmeongea vizuri kuhusu rafu na kufuli, lakini kuna jambo moja linaloweza kuharibika haraka kuliko karatasi: majina. Sisi tulifanya mtihani wa Cambridge, kabla Tanzania haijajitoa kwenye Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971 na kabla NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, haijaundwa mwaka 1973. Tuliobaki tunahesabika, na baadhi yetu macho hayaoni vizuri. Daftari litasubiri miaka kumi kwenye kabati kavu. Mimi siwezi kuahidi hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kubishania chumba, chapisheni picha chache kwa ukubwa wa karatasi ya kawaida, wapelekeeni wazee majumbani, mmoja aulize na mwingine aandike. Waketisheni wawili wawili, kwa sababu mzee akiwa peke yake hutaja majina kwa kujiamini kupita kiasi. Akiwa na mwenzake atabishiwa, na ubishi huo ndio utakaowapa ukweli. Waulizeni pia juu ya wapishi, madereva na wakata nyasi. Katika kila picha ya timu ninayoikumbuka kuna mtu mzima amesimama pembeni, na wahitimu vijana huandika chini yake "mwalimu", kumbe ndiye aliyekuwa akituamsha kwa kengele na kutupikia makande.

Mhitimu wa Bweni la Mawenzi (Moshi)

Shikamoo Mzee, na nawashukuru wote. Nimeyafikisha maoni haya kwenye kamati. Tumekubaliana kwamba masanduku hayatoki, na tumemwandikia Mkuu wa Shule kuomba chumba kilichokuwa ofisi ya msimamizi wa mabweni, nakala ya barua ikienda kwa Bodi. Ndugu yetu wa Shanty Town hakufurahi, ila amekubali kugharamia rafu za chuma. Suala la barua za misheni bado linatugawa, kwa kuwa wapo wanaohofu kwamba tukiiandikia dayosisi tutaambiwa tuzirudishe zote. Binafsi naona nakala zingetutosha.

Wahitimu wa miaka ya 1960 na 1970 walioko Moshi mjini, Machame na Arusha wanaoweza kupokea watu wawili wenye picha na daftari, naomba waniandikie faragha. Tutaanza na picha ya timu ya mpira, ambayo pembeni yake amesimama mtu mzima mwenye aproni.